Nani Mwenye Haki ya Kubisha Hodi? Deni, Dalali na Mlango wa Mnyonge

Mwezi Mei mwaka jana, yapata saa tatu asubuhi, simu yangu iliita nikiwa katika kikao cha kupitisha matokeo ya mitihani. Alikuwa mama, akipiga kutoka Tanga. Si kawaida yake kupiga saa za kazi, kwa hiyo nilitoka nje ya ukumbi. Nilimwamkia, naye akaitikia kwa haraka, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza huku akitazamwa: "Mwanangu, kuna watu hapa wamekuja na kirikuu. Wanasema ni madalali wa mahakama. Wana karatasi ina muhuri. Nifanyeje?"

Nilijua habari ya deni lile kwa mbali. Mama alikuwa amemdhamini jirani yake katika kikundi cha mkopo. Jirani aliugua, biashara ikafa, marejesho yakasimama. Kilichobaki, pamoja na riba na faini, kilikuwa kimefika shilingi 640,000. Nikamuuliza mama swali moja tu: karatasi ina muhuri? Akasema inao. Nikamjibu hivi, na maneno haya nayakumbuka yote: "Basi mama, wafungulie. Wape ushirikiano, tusije tukaonekana tunadharau mahakama. Nitashughulikia."

Nikarudi kikaoni. Huko Tanga watu wale watatu walibeba televisheni, godoro la kitanda anacholalia mama, na cherehani yake ya miguu, ile iliyotusomesha mimi na wadogo zangu wawili.

Jumamosi nilisafiri kwenda Tanga. Nilipoiona ile karatasi nilishikwa na aibu ambayo bado sijaimaliza. Haikuwa na namba ya shauri. Haikutaja hakimu wala mahakama mahususi. Ilisema tu "Mahakama ya Tanzania". Muhuri ulikuwa wa kampuni ya kukusanya madeni, si wa mahakama. Masjala ya mahakama nilikokwenda kuuliza Jumatatu hawakuwa na shauri lolote lenye jina la mama yangu wala la jirani yake. Hapakuwahi kuwa na kesi, hukumu, wala amri. Walikuwapo watu watatu, gari, na karatasi.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa historia. Nina shahada ya uzamivu. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba waraka huulizwa kabla ya kuaminiwa: umeandikwa na nani, lini, kwa mamlaka gani, kwa faida ya nani? Siku waraka ulipofika mlangoni kwa mama yangu, sikuuliza hata moja kati ya maswali hayo. Makala hii ni jaribio langu la kueleza kwa nini. Siiandiki ili nijitetee. Nadhani tu kwamba utii ule wa haraka, wangu na wa mama, una historia ndefu kuliko umri wetu, na wanaojifanya madalali wa mahakama wanaishi kwa kuitumia historia hiyo.

Deni kabla ya karatasi

Watu wa Pwani hawakufundishwa deni na benki. Biashara yote ya misafara ya karne ya 19 ilijengwa juu ya mkopo. Bidhaa zilitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, wakapewa wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, nao wakaingia bara na kurudi na pembe baada ya mwaka mmoja, miwili, au zaidi. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, anaeleza katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili jinsi alivyokopa kwa matajiri wa Unguja, Taria Topan akiwa mmoja wao. Aliyeshindwa kulipa alikawia bara, kwa sababu kurudi Pwani kulikuwa ni kurudi mikononi mwa wadai.

Deni lilikuwa na dhamana yake, nayo ni rehani. Shamba liliwekwa rehani, vito viliwekwa rehani, na wakati wa njaa, miongoni mwa jamii za Pwani na bara yake, hata mtoto wa ukoo aliwekwa rehani kwa mwenye chakula hadi atakapokombolewa. Wengine hawakukombolewa kamwe. Kwa hiyo tusiitukuze jana. Deni la zamani liliweza kula mtu mzima.

Neno dalali nalo ni la zama hizo. Asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya mtu anayeonyesha, anayeelekeza, anayekutanisha muuzaji na mnunuzi. Dalali alinadi nguo, pembe na mashamba. Katika soko la Unguja, hadi lilipofungwa kwa mkataba wa Juni 1873, dalali alinadi pia binadamu, akiwazungusha mbele ya wanunuzi na kutaja bei. Sisemi kwamba mama yangu aliikumbuka historia hiyo aliposikia neno lile mlangoni. Nasema kwamba ni neno ambalo halijawahi kufika kwa mnyonge likiwa na habari njema.

Hata hivyo deni la zamani lilikuwa na sifa moja: mdai alijulikana. Aliyekudai alikuwa na jina, na palikuwa na wazee wa kuwaendea nyote wawili. Alipokuja kudai, alibisha hodi kama mtu mwingine yeyote. Adabu ya hodi inajulikana: unabisha mara tatu, usipojibiwa unaondoka. Karibu ni ya mwenye nyumba kuitoa, si ya mgeni kuichukua.

Nyumba yenyewe inapogeuka deni

Mambo yalibadilika na utawala wa Wajerumani. Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1898 waliweka kodi ya nyumba. Hebu tulitafakari jina hilo. Mtu hakudaiwa kwa sababu alikopa, wala kwa sababu alifanya biashara. Alidaiwa kwa sababu ana nyumba, tena nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa miti, udongo na makuti. Siku moja nyumba ilikuwa kinga, siku ya pili ikawa ushahidi wa deni. Waliokuja kukusanya walikuwa maakida, majumbe na askari, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake katika kazi za serikali. Kodi na kazi za shuruti ni miongoni mwa sababu ambazo wanahistoria wote huzitaja wanapoeleza vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Waingereza walipochukua nchi hawakuiondoa. Mwaka 1922 waliitungia sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Hapo ndipo risiti ilipoanza kuheshimiwa kama hirizi. Babu zetu waliitunza ndani ya mkebe, wengine juu ya dari, kwa sababu bila kile kikaratasi mwanaume mzima aliweza kukamatwa barabarani. Utawala wa kikoloni ulitufundisha somo moja kwa muda wa zaidi ya miaka 60: mwenye karatasi ana haki, asiye na karatasi ana kosa. Haukutufundisha kuisoma karatasi hiyo. Wengi wa walioishika hawakuweza kuisoma, na aliyeitoa hakuona haja ya kuwaeleza.

Serikali hiyohiyo, ajabu iliyoje, ilidai kumlinda Mwafrika dhidi ya mikopo. Kuanzia miaka ya 1920 Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa "wenyeji": mfanyabiashara asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali hakuweza kulidai deni lile mahakamani. Unguja nako, mwaka 1934, ilitungwa sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie mikononi mwa wakopeshaji. Nia iliyotajwa ilikuwa ulinzi. Lakini fikiria matokeo yake. Ukimfungia mtu mlango wa mahakama katika mambo ya mikopo, hujamwondolea shida ya kukopa. Ataendelea kukopa dukani, kwa jirani, kwa tajiri wa mji, na deni lake litadaiwa kwa njia ambazo hakimu hazioni. Mwafrika wa kawaida alizoea mahakama kama mahali anapopelekwa, si mahali anapokwenda.

Mgambo wa alfajiri

Uhuru uliifuta kodi ya kichwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980 ilirudi kwa jina jipya, kodi ya maendeleo, ikakusanywa na halmashauri hadi ilipofutwa mwaka 2003. Wasomaji wangu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea hawahitaji kusimuliwa. Wanafunzi wangu, ambao wengi walizaliwa baada ya kufutwa kwake, hunitazama kama ninawapigia hadithi.

Mimi nilikuwa darasa la nne. Mgambo walikuja alfajiri, kabla ya adhana, wakiwa na marungu na daftari. Hawakubisha hodi, walipiga mlango kwa rungu. Baba alikuwa amelipa, lakini risiti ilikuwa kwenye suruali nyingine, na suruali ilikuwa imeloweshwa kwa kufuliwa. Walimchukua akiwa na msuli na fulana. Alirudi saa sita mchana, baada ya mama kuianika risiti juani na kuipeleka ofisi ya kata ikiwa imekauka nusu. Baba hakulizungumza jambo lile hadi anakufa. Mama alilizungumza mara moja tu, siku nilipokuwa naondoka kwenda chuo kikuu: "Mtu akija na karatasi ya serikali, usibishane naye. Tafuta karatasi yako."

Wale watatu wa Mei mwaka jana hawakumkuta mama mjinga. Walimkuta mwanafunzi mwema wa shule ya miaka 100. Alijua kwamba ukibisha unaumia, kwamba muhuri ni muhuri, na kwamba kwa kuwa yeye hana karatasi ya kujibu, basi ampigie simu mtoto wake msomi. Mtoto msomi naye akauliza kuhusu muhuri.

Sheria iliyosafiri kutoka London hadi Tanga

Kinachonikera zaidi ni hiki: sheria ilikuwa upande wa mama, na imekuwa hivyo kwa muda mrefu.

Mwaka 1604 majaji wa Uingereza waliamua shauri la Semayne. Mtu mmoja alikufa akiwa na deni, na mali yake ilikuwa ndani ya nyumba ya London aliyokuwa akiishi pamoja na mwenzake aliyeitwa Gresham. Ofisa alipokuja kuikamata mali hiyo kwa ajili ya mdai, Gresham alifunga mlango. Mdai, Semayne, akamshitaki. Majaji wakasema kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake, na kwamba katika deni la raia kwa raia ofisa hana ruhusa ya kuvunja mlango wa nje. Hata anapokuja kwa shauri la mfalme, sharti kwanza aseme amekuja kwa sababu gani na aombe kufunguliwa. Kwa maneno yetu, majaji wale walisema: lazima abishe hodi.

Kanuni hiyo ilipanda meli kwenda India, ambako Waingereza waliiandika, kwa mabadiliko, katika sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai, toleo lililodumu likiwa la mwaka 1908. Sheria hiyo ya India ililetwa Tanganyika baada ya mwaka 1920 na ikatumika hadi Bunge letu lilipotunga Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, ambayo kwa sehemu kubwa iliifuata ile ya India. Ndiyo sheria inayoongoza mahakama za wilaya, za hakimu mkazi na Mahakama Kuu hadi leo; mahakama za mwanzo zina kanuni zao.

Inasemaje? Kwanza, hakuna anayekamata mali kwa jina la mahakama bila amri ya mahakama yenyewe. Kwa kawaida mdai hufungua shauri, mdaiwa huitwa na kusikilizwa, hukumu hutolewa, kisha mdai huomba hukumu ikaziwe, na mahakama ndiyo inayotoa amri ya kukamata mali. Pili, anayetekeleza amri hiyo haruhusiwi kuingia katika nyumba ya kuishi baada ya jua kuchwa wala kabla halijachomoza. Tatu, mlango wa nje hauvunjwi ila katika nyumba ya mdaiwa mwenyewe, tena pale tu anapokataa au kuzuia asiingiwe. Nne, kuna mali ambazo hazikamatwi hata deni liwe kubwa namna gani: mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, na zana za fundi.

Zana za fundi! Cherehani ya mama yangu ilikuwa na kinga ya kisheria. Dalali wa kweli wa mahakama, mwenye amri ya kweli ya hakimu wa kweli, asingeruhusiwa kuigusa, wala lile godoro. Sababu yake ni ya busara ya kawaida: ukimnyang'anya fundi zana yake, umemnyang'anya uwezo wa kulipa deni unalomdai. Matapeli walichukua kile ambacho dola yenyewe, pamoja na mahakama zake na polisi wake, imejikataza kukichukua.

Dalali wa mahakama naye si mtu wa kujiteua. Kanuni za Madalali wa Mahakama na Wasambaza Nyaraka za mwaka 2017 zinataka ateuliwe na Mahakama baada ya kuthibitika sifa zake, yakiwamo mafunzo katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, na zinaweka utaratibu wa malipo yake na wa kumwadhibu akikiuka maadili. Ana jina kwenye orodha na ana mtu wa kumshtakia. Yule aliyesimama mlangoni kwa mama alikuwa wakala wa kukusanya madeni, kazi ambayo ni halali, aliyejivika vazi la kazi nyingine. Wakala ana haki ya kukukumbusha, kukuandikia, kukushauri mpange namna ya kulipa. Hana haki zaidi ya hiyo ya kuingia sebuleni kwako kuliko aliyonayo muuza karanga.

Naomba nisieleweke vibaya. Deni lilikuwa la kweli. Mama alitia sahihi kuwa mdhamini, na mdhamini hufunga kamba shingoni mwake kwa hiari. Dawa ya deni kulipa. Zaidi ya hayo, mkopeshaji aliyewekewa dhamana kwa mkataba halali, kama vile nyumba au gari, ana njia zake za kisheria, na nyingine hazianzi mahakamani. Lakini hakuna njia hata moja kati ya hizo inayomruhusu mtu kusema "mimi ni mahakama" na hali siye. Kujifanya mtumishi wa umma ni kosa la jinai nchini mwetu. Uingereza, walikotoka majaji wa 1604, waliona tatizo hili limekomaa kiasi kwamba mwaka 1970 walilitaja waziwazi katika sheria: ni kosa kwa anayedai deni kujionyesha kuwa ana mamlaka rasmi asiyokuwa nayo, na ni kosa kutumia waraka uliotengenezwa ufanane na waraka rasmi. Kumbe hata wao, pamoja na ngome zao, walikuwa wanagongewa milango na watu wa muhuri wa bandia.

Kausha damu na soko la hofu

Kwa nini sasa? Tangu mabadiliko ya sheria ya benki ya mwaka 1991, sekta ya fedha imefunguliwa, na pamoja nayo ikaja mikopo midogo ya vikundi kwa mfano uliotoka Bangladesh. Watu wengi waliokuwa hawana mlango wa kuingilia benki walipata mtaji, na si haki kuwatia wakopeshaji wote kapu moja. Lakini msingi wa mikopo hii ni kudhaminiana: jirani ni dhamana ya jirani. Deni likikwama, mdai hapotezi muda mahakamani. Hugusa aibu ya mkopaji mbele ya wenzake. Juu ya msingi huo imeota mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la haki, kausha damu.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne na kuwataka wawe na leseni au usajili. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Hatua hizo ni njema. Hata hivyo zinamtazama mkopeshaji zaidi kuliko mkusanyaji, na mkopeshaji mwenye leseni safi anaweza kuikabidhi kazi chafu kwa kampuni nyingine, kisha akanawa mikono.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Nilipokwenda kwa mkopeshaji, kijana mmoja mwenye tai aliniambia kwa upole kwamba wao hawajui mahakama yoyote, kwamba "wenzetu wa ufuatiliaji" walipewa kazi na namna walivyoifanya ni juu yao. Nikamwuliza cherehani iko wapi. Akasema ameelezwa kuwa imeshauzwa. Kwa kiasi gani? Shilingi 90,000. Nikamwuliza kama fedha hizo zimepunguza deni. Akatazama kompyuta yake kwa muda mrefu, kisha akasema: "Gharama za ufuatiliaji zimekuwa kubwa, mzee wangu." Deni lilikuwa limeongezeka.

Nilililipa lote siku ile, nikadai stakabadhi, kisha nikaenda kituo cha polisi kufungua shauri la wale watatu. Televisheni na godoro vilirudishwa baada ya wiki mbili, vikiletwa na bodaboda asiyejua ametumwa na nani. Cherehani haikurudi. Shauri, naambiwa, bado linachunguzwa.

La kuuliza mlangoni

Historia isiyosaidia mlangoni ni pambo. Kwa hiyo nawaachia wasomaji maswali ambayo ningepaswa kumwambia mama ayaulize asubuhi ile, naye aliye na wazazi ayaseme kwao jioni ya leo.

Wewe ni nani, na kitambulisho chako cha udalali wa mahakama kiko wapi? Amri imetoka mahakama ipi, shauri namba ngapi, hakimu gani, tarehe ipi? Naweza kupata nakala, au kuipiga picha? Mwenyekiti wa mtaa anajua kwamba mko hapa? Ikiwa majibu hayapo, mlango usifunguliwe, na asiyetaka kuondoka aitiwe majirani na polisi. Ikiwa majibu yapo, masjala ya mahakama hiyo inaweza kuulizwa siku hiyohiyo. Dalali wa kweli haogopi kuulizwa, kwa sababu jibu analo. Na ikiwa amri ni ya kweli, basi usipigane nayo. Nenda mahakamani, omba kulipa kwa awamu, taja mali zenye kinga.

Kwa watumishi wa umma nina neno zaidi. Asilimia kubwa ya nguvu ya tapeli imeazimwa kutoka kwenu. Kila mara ofisa wa kweli anapoingia kwa mwananchi bila kujitambulisha, anapompa karatasi bila kumweleza, anapokasirika kwa kuulizwa swali, anamfundisha mwananchi yule kumtii tapeli wa kesho. Mwananchi hawezi kutofautisha sarafu halisi na ya bandia ikiwa zote mbili hutupwa usoni pake kwa namna ileile. Kwa wanaharakati: orodha ya madalali walioteuliwa ibandikwe katika kila ofisi ya mtaa na kijiji, na mkopeshaji awajibike kwa matendo ya wakala wake. Hayo mawili yanaweza kudaiwa bila kusubiri sheria mpya.

Nilimnunulia mama cherehani nyingine, ya umeme. Anaitumia kwa nadra. Anasema inakimbia kuliko mikono yake. Siku nilipoipeleka nilimwomba radhi kwa ile simu. Alikuwa anapindia ukosi wa gauni la mtu, hakuinua uso.

"Mimi sikuwaamini wale," akasema. "Yule mmoja alivaa kandambili. Nikajiuliza, mtu wa mahakama avae kandambili? Lakini wewe ndiye uliyesoma."

Nimelirudia swali lake la kandambili mara nyingi. Lilikuwa swali la mtafiti: lilianzia kwenye ushahidi uliokuwa mbele ya macho na kutilia shaka mamlaka iliyodaiwa. Mama alikuwa nalo tayari mdomoni aliponipigia simu. Alichohitaji kutoka kwangu ni mtu wa kumwambia kwamba anayo haki ya kuliuliza.